Unanunua gari lililokuwa la kampuni? Pesa zifuate jina lililo kwenye logbuku

Mjomba wangu analima nyanya na matikiti kando ya mto Sabaki, kule Jilore. Kila msimu hukodi pikapu ya mtu kupeleka mzigo sokoni Malindi, na kila msimu malalamiko ni yale yale: mwenye pikapu anakula kwanza, mkulima anakula kilichobaki. Mwaka jana yeye na wenzake wa chama wakasema basi, inatosha. Tuweke pesa pamoja tununue yetu.

Hawakukawia kupata tangazo. Pikapu ya dizeli, ilikuwa ya kampuni, sevisi zote zimefanywa kwa wakati, bei Sh780,000. Aliyekuja nayo ni kijana mpole, amevaa shati lenye nembo ya kampuni, ana funguo, ana hata kopi ya logbuku. Akawaambia, "Wazee, kuna mtu wa Mombasa anakuja kesho na pesa taslimu. Nitumieni laki moja leo niwashikilie gari."

Mjomba alikuwa ameshaandika namba na kiasi. Kabla ya kuweka PIN, jina likatokea kwenye skrini. Akanipigia simu, maana anajua nafanya kazi mambo ya malipo.

Nilimuuliza, "Mjomba, logbuku inasema gari ni la nani?"

"La kampuni."

"Na pesa unamtumia nani?"

Akanyamaza. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la yule kijana.

Hakutuma. Nakwambia mapema ili usome bila wasiwasi. Mwisho wake nitakueleza huko chini. Lakini ile hali ya mjomba tunaisikia sana kwa wateja wetu, hasa msimu wa mavuno au chama kikigawana. Kwa hivyo leo tuongee pole pole: gari la kampuni ni nini, linakaguliwa vipi, na muhimu zaidi, linalipiwa vipi.

Magari haya hutoka wapi?

Kampuni yenye magari mengi haisubiri gari lifie barabarani. Inapanga: gari likitimiza miaka fulani au kilomita fulani, linauzwa na jipya linaingia. Huku kwetu pwani utayakuta ya aina nyingi. Kuna vani za utalii zinazobeba wageni kutoka Malindi kwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Kuna pikapu na lori zilizofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni na Marereni. Kuna magari ya kusambaza mikate na soda, Land Cruiser za mashirika ya misaada, magari ya serikali na ya kaunti, na yale ambayo benki imeyachukua kwa wakopaji walioshindwa kulipa.

Kila aina ina njia yake ya kuuzwa. Gari la serikali kuu huwa na namba ya GK, la kaunti huwa na CG na namba ya kaunti, na yetu Kilifi ni 03. Hayo hayauzwi na dereva wala na afisa mmoja. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka kuwe na kamati ya kuuza mali, na njia zake ni za wazi, kama zabuni au mnada wa hadhara. Mtu akikunong'oneza kwamba anaweza "kukutolea" gari la GK kwa mlango wa nyuma, hakuna dili hapo. Hapo kuna kesi.

Kampuni binafsi nazo huuza kwa zabuni za bahasha, kwa mnada, au kupitia bandari za magari. Kwenye mnada kumbuka kanuni moja: gari linauzwa lilivyo, pale lilipo. Ukishalipa, hakuna kurudi kusema gia inagoma. Kwa hivyo siku ya kutazama magari kabla ya mnada usiikose, na usiende bila fundi.

Zuri na baya la gari la kampuni

Zuri lake ni kumbukumbu. Kampuni iliyojipanga ina faili ya kila gari: oili ilibadilishwa lini, klachi iliwekwa lini, ajali ilitokea lini. Mtu binafsi mara nyingi atakwambia tu "gari liko sawa". Omba hiyo faili. Muuzaji wa kweli hana sababu ya kukunyima.

Baya lake ni kwamba gari la wengi halionewi huruma na yeyote. Leo linaendeshwa na huyu, kesho na yule, na shimo la barabarani si lao. Tena linafanya kazi mfululizo. Hebu tupige hesabu kidogo. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Gari la kusambaza bidhaa likienda na kurudi ni 240 kwa siku. Siku sita kwa wiki, wiki 52, hiyo ni karibu kilomita 75,000 kwa mwaka. Miaka minne ni karibu laki tatu. Sasa ukionyeshwa gari la kazi kama hiyo na dashibodi inasoma 90,000, usishangilie. Uliza. Kisha linganisha na faili ya sevisi, na utazame pedali, usukani na kiti cha dereva. Mita inaweza kurudishwa nyuma, lakini raba ya pedali iliyolika hairudi.

Halafu kuna mambo ya pwani yetu hasa:

Chumvi. Gari lililofanya kazi karibu na chumvi au ufuoni laweza kung'aa juu na kuoza chini. Liinue, fundi aingie uvunguni na tochi, agonge chasisi. Ukiona rangi nyeusi mpya imepakwa chini tu, uliza inafunika nini.

Maji. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliharibu vitu vingi nchini, magari yakiwemo. Inua zulia, nusa. Tazama boliti za viti kama zina kutu, na kama kuna tope kavu mahali ambapo tope halifai kufika. Gari lililozama husumbua umeme kila siku.

Vumbi na paa. Vani ya safari ina paa linaloinuka ili wageni watazame ndovu. Limwagie maji uone kama linavuja. Na vumbi jekundu la Tsavo huingia mpaka pale mwosha magari hafiki, kwa hivyo tazama chujio la hewa na viungio vya milango.

Malipo ya fundi wa kukagua ni pesa ndogo ukilinganisha na injini. Ila mchague wewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji ni fundi wa muuzaji.

Sasa karatasi, na hapa ndipo wengi huanguka

Watu wengi hukagua injini saa tatu na karatasi dakika tatu. Kwa gari la kampuni, geuza. Injini mbovu inatengenezwa. Gari lisilo lako halitengenezeki.

Kwanza, tafuta rekodi za gari mwenyewe. Ingia kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen, weka namba ya gari, lipa Sh550. Malipo ya huduma za serikali huingia Paybill 222222, si kwa namba ya mtu. Utaona jina la mwenye gari, namba ya chasisi, namba ya injini na mwaka. Chukua namba ya chasisi uilinganishe na ile iliyopigwa kwenye chuma cha gari lenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Na usikubali matokeo aliyochapisha muuzaji, hata kama yana mhuri mzuri. Fanya utafutaji wako, kwa akaunti yako.

Pili, tazama kama kuna jina la pili. Ukiona benki au kampuni ya mikopo imeandikwa pamoja na mwenye gari, maana yake gari lilichukuliwa kwa mkopo na huenda bado linadaiwa. Kampuni nyingi hununua magari yao namna hiyo, si dhambi. Lakini bila benki kuliachilia rasmi, gari halihamishiki kwako. Tena tangu Sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, kuna rejista ya mali zilizowekwa dhamana. Mkopeshaji anaweza kuwa ameandikishwa huko, kwa hivyo tafuta huko pia, au umwombe wakili akutafutie.

Tatu, jua nani ana ruhusa ya kuuza. Kampuni haina mkono wa kutia sahihi. Kuna watu wanaosaini kwa niaba yake. Hati inayoitwa CR12, inayotolewa na Huduma ya Usajili wa Biashara, huonyesha wakurugenzi ni akina nani. Omba CR12 ya karibuni, na barua ya kampuni inayosema wazi kwamba fulani ameruhusiwa kuuza gari namba fulani. Kisha piga simu ofisini kwao. Usitumie namba iliyo kwenye barua ile. Tumia namba uliyoitafuta wewe.

Nne, uliza habari ya ushuru. Magari mengine ya balozi na mashirika ya kimataifa huingia nchini bila ushuru. Yakiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru hudaiwa chini ya sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiona bei ya Land Cruiser ni tamu kupita kiasi, uliza kama KRA imeshalipwa, na uone karatasi yenyewe.

Malipo: kanuni moja tu

Ukisahau yote mengine, kumbuka hili: pesa zifuate jina lililo kwenye logbuku. Gari la kampuni linalipiwa kwa kampuni. Hilo ni akaunti ya benki yenye jina la kampuni, au Paybill au Till inayotokea na jina la kampuni kwenye skrini yako kabla hujaweka PIN. Si kwa dereva, si kwa "mhasibu wetu", si kwa broka. Broka ana haki yake, lakini kamisheni yake ni malipo mengine, yenye risiti nyingine.

Kwa nini tunasisitiza hivyo? Kwa sababu meseji ya malipo inathibitisha kitu kimoja tu: kwamba pesa zilitoka kwako zikaenda kwa jina fulani. Haisemi zilikuwa za nini. Mambo yakiharibika na umelipa kampuni, una ushahidi kwamba kampuni ilipokea. Ukimlipa mtu binafsi, kampuni itakwambia kwa heshima kwamba haikujui, na itakuwa inasema kweli. Na kurudisha muamala si uchawi. Tunaweza kukusaidia ukiwahi kutuarifu na pesa zikiwa bado zipo upande wa pili. Zikishatolewa, inabaki kazi ya polisi.

Halafu kuna suala la viwango. Tangu Agosti 2023, kiwango kikubwa kwa muamala mmoja wa simu ni Sh250,000, na kwa siku Sh500,000. Pikapu ya Sh780,000 kwa hivyo haiwezi kulipwa kwa simu siku moja. Ingekuwa miamala minne, siku mbili. Hapo matapeli wana maneno yao: "Tuma nusu kwangu na nusu kwa mwenzangu, ndio iingie yote leo." Ukisikia hivyo, simama. Pesa za gari moja zikianza kugawanywa kwa namba za watu watatu, hutaweza kumwonyesha hakimu ulimlipa nani.

Tuseme ukweli, hata kama sisi biashara yetu ni simu: kwa kiasi kama hicho, benki ni bora. PesaLink hupeleka hadi Sh999,999 kwa mara moja kutoka benki hadi benki, papo hapo, moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni. Simu itumie kwa yale inayoyafaa: kukusanya michango ya chama kwa Paybill ili kila mtu aone aliyetoa na asiyetoa, kulipa ada za eCitizen, kumlipa fundi, kulipa kianzio kidogo kwa Till ya kampuni.

Nani aanze, mnunuzi au muuzaji?

Hili ndilo fumbo la kila mauzo ya gari. Muuzaji anaogopa kuhamisha gari kabla ya pesa. Wewe unaogopa kutoa pesa kabla gari halijahamishwa. Mpangilio unaotuliza pande zote ni huu:

1. Andikeni mkataba: majina, namba ya gari, chasisi, bei, kianzio, na kianzio kitarudishwa lini kama mauzo yatavunjika.
2. Lipa kianzio kidogo, kwa kampuni, baada ya utafutaji wa NTSA na ukaguzi wa fundi. Si kabla.
3. Siku ya kumaliza, keteni meza moja, ofisini kwa kampuni au kwa wakili. Kampuni inaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, wewe unaupokea kwenye yako na kulipia ada.
4. Lipa salio kwa kampuni, chukua risiti, chukua logbuku na funguo zote, za akiba pia.

Kama hamuaminiani kabisa, wakili anaweza kushika pesa kwenye akaunti ya wateja wake mpaka uhamisho ukamilike. Ada yake itakuuma kidogo, lakini kupoteza laki saba kutakuuma zaidi.

Na nyinyi wa chama: logbuku inataka PIN ya KRA ya mnunuzi. Kaeni mapema mkubaliane itaandikwa jina la nani. Kama kikundi kimesajiliwa na kina PIN yake, ulizieni kuandika jina la kikundi. Mkiandika jina la mwenyekiti peke yake, mbele ya sheria gari linahesabiwa kuwa lake mpaka mthibitishe vinginevyo, na siku akifariki mtajikuta mnaongea na warithi.

Ukishalichukua

Sheria ya Trafiki inasema gari likishabadilisha mwenyewe, lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenyewe mpya kusajiliwa. Usiendeshe kwa jina la kampuni mwaka mzima ukisema utabadilisha "nikipata nafasi". Bima ya kampuni haikufuati, kata yako kabla gari halijatoka uani. Kwa pikapu, vani na lori, kuna kodi ya awali ya KRA na ukaguzi wa NTSA, weka kwenye bajeti.

Na jambo moja ambalo wengi husahau: treka. Magari mengi ya kampuni yamefungwa kifaa cha kufuatilia, na vingine vinaweza kuzima injini kutoka mbali. Hakikisha kimetolewa au kimehamishiwa kwako kwa maandishi. Hutaki gari lako lizimwe njiani Kakoneni na mtu aliyeketi ofisini, na nyanya zimejaa nyuma.

Je, mjomba?

Tulitafuta namba ya ile kampuni tukapiga. Gari lilikuwa la kweli, na kweli lilikuwa linauzwa, ila kwa zabuni za bahasha, na yule kijana hakuwa na ruhusa yoyote ya kupokea hata shilingi. Alikuwa amewahi kuwa dereva wao. Chama kikapeleka bahasha kama watu wengine, kikashindwa; mwingine alitoa zaidi. Mjomba alinuna wiki nzima, akaniambia nimemkosesha gari.

Miezi mitatu baadaye wakapata nyingine kwenye mnada, Sh735,000. Fundi alikuwa ameona klachi imechoka, kwa hivyo walishaipangia bajeti. Pesa zilikwenda kwa jina lililo kwenye hati, mara moja, na risiti iko kwenye faili ya chama pamoja na mkataba na logbuku. Sasa matikiti yanafika Malindi asubuhi, na mwenye pikapu anayekula kwanza ni wao wenyewe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuweka PIN, soma jina kwenye skrini, kisha soma jina kwenye logbuku. Yakitofautiana, futa, upige simu kwanza.